KUKU 14 NDANI YA SIKU NNE: SUMU AU UGONJWA? (Sehemu ya 3)

Leo tuongee kuhusu kuku wa nyumbani wanapoanza kufa ghafla, maana hapa kwetu Kunduchi jambo hili nusura limtoe mtu kwenye nyumba akiwa na mtoto mgongoni.

Jirani yangu ni bibi anayelea wajukuu wawili. Alikuwa na kuku 17 wa kienyeji. Mayai wanakula wajukuu, na michango ya shule ikibana anauza jogoo. Jumatatu akakuta wawili wamekufa bandani. Jumanne wanne. Jumatano watano. Alhamisi watatu.

Nikamwamkia, hata shikamoo hakuiitikia vizuri. "Nesi mwanangu, yule binti kanimalizia kuku. Kawawekea sumu." Binti ni mpangaji wake, ana mtoto wa miezi saba. Siku chache nyuma walikwaruzana kwa sababu kuku walivamia mkeka alioanikia nafaka za unga wa lishe. Bibi alikuwa ameshamwambia afungashe.

Mimi si mtu wa mifugo. Lakini kliniki mtoto akiletwa hoi, hatuanzi kuuliza nani kamfanya hivi. Tunauliza imeanza lini, ameonyesha dalili gani, amekula nini, na nani mwingine anaumwa. Nikamuuliza bibi hivyo hivyo.

Wamekufa wote kwa mpigo? Hapana, kila siku kadhaa. Hili ni jambo kubwa. Sumu ikiwekwa kwenye chakula, kwa kawaida waliokula huanguka ndani ya muda mfupi, wakaribiane. Ugonjwa unaoambukiza hupita kutoka kuku mmoja kwenda mwingine, na vifo huongezeka siku hadi siku.

Dalili? Wamezubaa, mabawa yameshuka, wanahema mdomo wazi, kinyesi cha kijani. Mmoja shingo imepinda, anazunguka kama mlevi.

Kuna kuku mgeni? Bibi akanyamaza kidogo. Ndiyo, jogoo aliyenunuliwa wiki moja kabla, akaingizwa bandani siku hiyo hiyo. Na wa jirani je? Kumbe nyumba ya tatu kutoka pale nao walikuwa wanazika kuku, na huko binti hajawahi kukanyaga.

Chanjo? Hawajawahi kupata.

Tukampigia afisa mifugo wa kata. Akampasua mmoja aliyekufa asubuhi ile, akatuonyesha madoa ya damu kwenye kile kitumbo kilicho juu ya firigisi. Akachukua sampuli ya maabara, maana kipindupindu cha kuku nacho huua ghafla, na kwa macho tu unaweza kukosea. Majibu yakarudi: mdondo, ambao wengine mnauita kideri. Bibi akamwita binti mwenyewe, akamwambia abaki. Hawakukumbatiana wala nini, ila vyombo vilirudishwa ndani.

Sasa tuujue mdondo. Ni ugonjwa wa virusi, ulitambuliwa mwaka 1926 kule Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Kwa kuku wasiochanjwa unaweza kufuta banda zima. Husambaa kwa kuku wagonjwa, kinyesi, vyombo vya maji, matenga ya sokoni, hata viatu vyetu. Kuku aliyeambukizwa anaweza kuonekana mzima kwa siku kadhaa, ndiyo maana mgeni atengwe angalau wiki mbili.

Hauna dawa, jamani. Naomba hapa mnisikilize kama nesi. Bibi alishauriwa awafungulie kuku vidonge vya antibayotiki vilivyobaki mjukuu alipoumwa. Antibayotiki haiui virusi. Kuku atakufa vilevile, na akipona mabaki ya dawa yanaweza kuwemo kwenye mayai unayompa mtoto. Dawa ya mtoto si ya kuku, na dozi yenyewe haikupaswa kubaki.

La pili, kuku aliyekufa mwenyewe haliwi. Najua inauma kumtupa kuku mzima wakati watoto wanataka kitoweo. Lakini siku ile ya kwanza hujui umeshika nini. Inaweza kuwa sumu kweli. Inaweza kuwa mafua makali ya ndege, kama yale yaliyotangazwa kwa jirani zetu Uganda Januari 2017, kando ya Ziwa Victoria. Mdondo wenyewe kwa binadamu kwa kawaida huleta macho mekundu tu yanayopona, ila hilo utalijua baada ya majibu. Watoto wasiguse mizoga. Funga mikono kwa mfuko wa plastiki, chimba shimo refu, zika, kisha nawa kwa sabuni. Usitupe mtaroni wala ufukweni, na waliobaki usiwauze haraka haraka, utakuwa unampelekea mama mwingine msiba.

Kinga ipo na si ghali. Chanjo ya I-2 hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari, TVLA, wenye maabara yao Temeke. Ni tone moja kwenye jicho moja, awe kifaranga au jogoo, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Inastahimili joto kuliko chanjo nyingine, ila usiiache juani. Wachanje wakiwa wazima, kwani kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka. Aliyekwisha kuugua haimponyi.

Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko wa nyumba moja, kwa hiyo changieni na majirani na mchanje siku moja. Mtaani kwetu tumeandika tarehe kwenye ukuta wa banda kwa chaki, na nyingine nyuma ya mlango wa jikoni, maana mvua hufuta.

Kuku wako wakianza kufa, andika siku, idadi na dalili, kisha mpigie afisa mifugo. Jirani msalimie kama kawaida.

Nani hapa anafuga na hajachanja? Niambieni mko mtaa gani, huenda kuna mwenzako wa kuchangia naye kichupa. Sehemu ya 4 nitaeleza namna ya kuhifadhi na kupika mayai ya mtoto. Usiku mwema.