Mpunga Ulioiva Machoni pa Shosho

Mwaka niliotoka chuoni bila cheti nilirudi Mwea na begi mbili za nguo na nusu ya riwaya. Shosho hakuuliza kitu. Aliniambia tu niamke mapema, ndege wanamaliza mpunga.

Huko shambani, kwa simu, nikasoma hadithi ya Balzac ya 1831, ile ya mchoraji mzee Frenhofer. Miaka kumi yuko na picha ya mwanamke mmoja, hataki iguswe na jicho la mtu. Siku anapowafungulia wenzake mlango, wao wanaona mistari na rangi zilizorundikana, na kwenye kona mguu mmoja uliochorwa vizuri ajabu. Yeye anamwona mwanamke mzima.

Nilimcheka. Kisha nikampa binamu yangu riwaya yangu. "Hapo kwa vyura ni poa," akasema. "Kwingine, wacha nisikudanganye." Vyura walikuwa ukurasa mmoja. Mguu wangu huo. Émile Bernard aliandika kwamba Cézanne, alipotajiwa Frenhofer, alijigonga kifua kwa kidole, machozi yakimlenga: ni mimi. Hilo nalielewa kabisa.

Asubuhi moja Shosho akasimama kwenye tuta akatangaza mpunga umeiva, tutafute wavunaji. Nikaangalia. Kijani kitupu. Nikabishana naye, akanyamaza kwa namna iliyonikumbusha ni nani aliyeacha shule. Lakini jioni nikamwona akipapasa kikombe kilichokuwa mbele yake, na nikashtuka.

Ilikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Lenzi ikichafuka huwa kama kioo cha manjano, na buluu ndiyo hupotea kwanza. Monet aliishi hivyo kwa miaka. Madimbwi yake ya wakati huo yamegeuka mekundu na kahawia, hadi alipopasuliwa jicho la kulia 1923. Watu husimama mbele ya picha hizo wakijadili ujasiri wake. Labda alikuwa ujasiri. Labda pia mzee alichora alichokiona.

Shosho alipofunguliwa bandeji, alishangaa kwanza blanketi ya hospitali. "Kumbe ni ya buluu?" Kisha akanigeukia, akaniangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda. Miezi minne nilikuwa nikila naye meza moja.

"Wewe mtoto," akasema, "umekonda hivi tangu lini?"