Kompyuta haikuwa kimeo

Leo naanza kwa kuomba radhi. Wale mlionipigia simu Januari mkanikuta nimefura, nikawaambia kwamba jamaa yetu wa hapa Minneapolis kaniuzia kompyuta kimeo, naomba myafute maneno yale. Nitawaeleza ilivyokuwa.

Ni kompyuta ya mezani, nilimlipa dola 180. Wiki ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili skrini ikaanza visa: inazima sekunde moja au mbili, inawaka, inapepesa kama jicho lililoingia mchanga, halafu inatulia. Jumapili nikiongea na mama kwa video, sura yake inapotea katikati ya neno, inabaki sauti tu.

Nikaanza na programu. Kwa wanaotumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, litafunguka dirisha la Task Manager. Kama nalo linapepesa pamoja na vingine vyote, mshukiwa ni draiva ya skrini. Kama lenyewe limetulia na vingine vinapepesa, mshukiwa ni programu fulani uliyoiweka. Kwangu vyote vilizima. Nikaondoa draiva, nikaweka nyingine. Siku mbili kimya, nikashangilia. Ya tatu, mambo yale yale! Nikanunua waya mwingine wa HDMI, ule wa bei poa. Wapi!

Hapo ndipo nikampigia jamaa, nikamwambia maneno ambayo humwambii mtu aliyekupokea uwanja wa ndege. Hakubishana. Alisema tu, "Jumamosi nitakuja."

Akaja na theluji mabegani. Akavuta kiti cha mbao cha jikoni, akaichezea kompyuta saa nzima. Skrini imetulia tuli. Nikaona aibu, nikamwambia hebu pisha nikuonyeshe. Nikavuta kiti changu cha ofisini, kile cha magurudumu kinachopanda na kushuka kwa gesi. Kuketi tu, giza! Akaniambia simama. Nikasimama, giza tena. Tukaanza kuhesabu: nikakaa na kusimama mara 10, skrini ikazima mara 7. Kwenye kiti cha mbao mara 10, haikuzima hata moja.

Jamani, kiti! Tukasoma, kumbe ni jambo linalojulikana, na DisplayLink, watengenezaji wa vifaa vya kuunganishia skrini, wameliandika. Ukikaa au kuinuka kwenye kiti cha aina hiyo, umeme uliojikusanya unaruka ghafla, na waya wa skrini unaudaka kama antena. Skrini inapoteza mawasiliano na kompyuta kwa muda mfupi. Baridi ya huku inazidisha, maana ndani tunawasha moto mpaka hewa inakauka, hata ukigusa kitasa cha mlango unapigwa shoti. Nyumbani pwani hewa ina unyevu, umeme huo haupati nafasi ya kujikusanya sana. Na zile siku mbili za kimya? Nilikuwa zamu ya usiku, kiti sikukikalia!

Dawa: nimenunua waya mfupi wenye kinga nzuri, nimeupitisha mbali na kiti, na naweka sufuria ya maji juu ya kipasha joto. Tangu hapo mama namwona mpaka tunaagana. Nanyi mkipatwa na tatizo kama hili, badilisheni kitu kimoja kimoja, msibadilishe vitatu kwa pamoja, hamtajua kipi kilikuwa mchawi.

Jamaa nilimpikia pilau, akala sahani mbili, jambo lile hakulitaja tena. Lakini mimi nilikuwa nimeshalifikisha Tanga, na neno likishafika Tanga halirudi lenyewe. Kwa hiyo mkikutana na mama yake sokoni, msalimieni vizuri, mwambieni mwanawe ni mtu mwaminifu.

Haya, tuonane panapo majaliwa.