Kariandusi: Kijito, Mawe na Kiota cha Mwari

Binti yangu alipohamia Gilgil, miaka mitatu iliyopita, nilimwambia maneno ambayo leo nayaonea haya. Nilimwambia kuwa huko ni bara tupu: hakuna bahari, hakuna nazi, hakuna jamaa, na mtoto atakayelelewa huko atasahau hata mwenendo wa kwao. Mumewe ana duka la vipuri vya magari mjini Nakuru, naye mwenyewe anasomesha gredi ya nne katika shule iliyo karibu na Kariandusi. Likizo ya Aprili iliyopita nilifunga safari kwenda kuwatazama, huku nikificha nia moyoni: kuwashawishi warudi Mombasa. Niyaandikayo hapa ni habari za mahali hapo, na za nia yangu ilipoishia.

Treni hutoka Miritini asubuhi na kuingia Nairobi mchana. Kutoka hapo tulipanda matatu ya Nakuru. Ukishapita Limuru, nchi hukatika ghafla kana kwamba imepasuliwa kwa panga. Chini yako ndipo lilipo Bonde la Ufa, na Mlima Longonot umekaa katikati yake kama chungu kilichofunikwa kifudifudi. Barabara huteremka, ikapita Naivasha, kisha ikapanda tena hadi Gilgil, mji mdogo ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Niliposhuka garini baridi ilinipiga kifuani. Mjukuu wangu alinicheka, akanivisha sweta ya mama yake juu ya buibui.

Kariandusi iko mwendo mfupi tu kutoka Gilgil, kwenye barabara kuu iendayo Nakuru. Jina ni la mto mdogo unaoteremka kutoka kwenye ukingo wa bonde na kumwaga maji yake katika Ziwa Elementaita. Wenzake ni mto Mereroni na mto Mbaruk. Niliposikia hilo la mwisho nilitabasamu, kwani sikio la mtu wa pwani haliwezi kulipita jina kama hilo bila ya kugeuka.

Na kwa hakika wazee wetu hawakuwa wageni wa njia hizi. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu iliyoanzia pwani ilipita Naivasha kuelekea Baringo, muda mrefu kabla ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, alizijua njia za nchi ya Wamaasai kiasi kwamba Mskoti Joseph Thomson alipotaka kupita huko mwaka 1883 alifuatana na msafara wake. Mimi niliyekuwa nikilalamika juu ya safari ya siku moja, nikawafikiria watu waliokwenda kwa miguu miezi kadhaa.

Siku ya pili tulikwenda kwenye makumbusho. Ni mahali padogo, pametulia, chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Msafara wa Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, ndio uliogundua hazina ya hapa katika miaka ya 1928 na 1929. Wachimbaji walifukua ardhi, wakakuta mashoka ya mkono: mawe yaliyochongwa pande zote mbili hadi yakawa na umbo la tone la maji, ncha upande mmoja na kishikio upande wa pili. Wataalamu wanayakadiria kuwa ya kati ya miaka 700,000 na milioni moja. Mengi yameachwa palepale yalipopatikana, na mgeni husimama ukingoni mwa shimo akiyatazama yalivyolala.

Baadhi ya mashoka yamechongwa kwa mawe ya kawaida ya volkeno. Mengine ni ya obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa, ambalo si kitu ila kioo kilichozaliwa na moto wa mlima. Ukilivunja, makali yake hukata kama wembe. Mlinzi wa mahali hapo, mzee mpole, alimweleza mjukuu wangu kuwa baadhi ya mawe yalisukumwa na maji ya kijito cha kale, ndiyo maana kingo zake zimesuguliwa zikawa butu. Basi hata wakati huo palikuwa na maji hapa, na walio hai walikaa karibu na maji.

"Mwenyewe yuko wapi?" mtoto akauliza. Mzee akamjibu kuwa mifupa ya waliochonga haikupatikana. Kilichobaki ni kazi ya mikono tu. Mtoto akanigeukia mimi, kama watoto wafanyavyo wanapotaka jibu la pili. Nikamwambia: "Umesikia? Mtu huondoka, kazi yake ikabaki. Basi nawe ukifanya kazi, ifanye vizuri."

Tulipokuwa tukitoka niliona ngumi yake imefumbwa. Alikuwa ameokota kipande cha jiwe jeusi njiani, kidogo kama ukucha, akitaka kuwaonyesha binamu zake wa Mombasa. Mama yake hakumkaripia. Alichuchumaa mbele yake, akamwambia kwa sauti ya chini kuwa jiwe lile ni amana, na amana hairudi nyumbani na mtu. Mtoto alilia kidogo, kisha akarudi mwenyewe akaliweka alipolitoa. Nilisimama mbali nikiwatazama. Yale niliyoyahofia, kwamba atakua bila ya mwenendo wa kwao, yalinirudi kichwani, nikanyamaza.

Jirani na makumbusho kuna machimbo ya udongo mweupe uitwao diatomaiti. Ukiuona kwa mbali utadhani kilima kimepakwa chokaa. Asili yake ni vijimea vya majini vidogo mno, jamii ya mwani, ambavyo kila kimoja hujijengea gamba la silika. Vikifa huzama, na magamba hayo hurundikana chini ya ziwa kwa maelfu ya miaka. Ziwa lililoyalaza limekwisha kuondoka. Magamba yamebaki, tabaka juu ya tabaka. Udongo huu hutumika kuchujia maji, mafuta na sukari, huchanganywa katika rangi, na wakulima wengine huutia katika nafaka ili kuua wadudu. Nikaustaajabia uumbaji: jiwe jeusi la moto na vumbi jeupe la maji, yote mawili ya silika, yamelala jirani.

Lakini vumbi hilo si la kuchezewa. Likivutwa kwa muda mrefu hudhuru mapafu, na wafanyakazi wa machimbo ya namna hii wanahitaji kufunika pua na mdomo. Upepo ulipovuma upande wetu, leso zetu zilipata kazi nyingine.

Alasiri tuliteremka ziwani. Elementaita ni ziwa la magadi lisilo na kina kirefu, na jina lake, kwa Kimaasai, lina maana ya mahali pa vumbi. Mwaka 2011 liliingizwa katika Urithi wa Dunia pamoja na Ziwa Nakuru na Ziwa Bogoria. Kando yake kuna chemchemi za maji moto ambako watu huja kuoga. Flamingo, ambao vitabu huwaita heroe, walikuwa wametanda ukingoni kama kanga ya waridi iliyoanikwa.

Nami macho yangu yalivutwa na ndege wengine, wakubwa, weupe, wenye mfuko chini ya mdomo. Hao ni mwari. Binti yangu akanieleza kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Mwari hujenga viota kwenye visiwa vya mawe vya Elementaita, kwa kuwa humo makinda hupata usalama. Lakini chakula cha kuwatosha hakimo, kwa hiyo wazazi huruka hadi Ziwa Nakuru kuvua samaki, kisha hurejea kuwalisha wana wao.

Hakusema zaidi ya hapo, wala sidhani alikusudia kunipigia mfano. Lakini mimi nilimfikiria mkwe wangu, atokaye alfajiri kila siku kwenda dukani Nakuru na kurudi Gilgil jioni na mkate chini ya kwapa. Nikajiuliza ni nani angekwenda kwa ndege yule akamwambia avunje kiota chake kwa sababu bibi wa makinda anakaa ziwa jingine.

Jioni tulirudi Gilgil. Nilipotandika mswala nilielekea nilivyozoea nyumbani, karibu kaskazini kamili. Mjukuu wangu akanishika bega kwa adabu. "Bibi, huku ni hivi," akasema, akanigeuza kidogo tu upande wa mashariki. Alikuwa na haki. Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja ukiwa Mombasa. Ukienda magharibi hadi Gilgil, huna budi kuinamisha kibla kidogo. Mtoto wa miaka minane alijua mahali alipo, na alijua aelekee wapi akiwa hapo. Niliswali nikiwa na machozi ambayo nilisema ni ya baridi.

Nilikaa siku tisa. Neno nililokwenda nalo nilirudi nalo tumboni, sikulitoa. Asubuhi ya kuondoka binti yangu aliniuliza: "Mama, ulikuwa na jambo la kutuambia?" Nikamjibu kuwa ndiyo, nalo ni kwamba Ramadhani ikija nitawaletea tende na kikapu cha nazi.

Kwa familia zitakazopenda kupazuru: chukueni nguo nzito, viatu vya kutembelea na maji ya kunywa. Fungeni chakula chenu kutoka nyumbani. Mahamri hayaharibiki upesi katika baridi ile. Msafiri anayo rukhsa ya kupunguza Swala, basi msiwe na haraka. Waacheni watoto waulize. Na wakiokota kijiwe cheusi, warudisheni wenyewe wakakiweke, kwani kimewangoja muda mrefu kuliko sisi sote, na kuna watoto wengine wanaokuja nyuma yao.