Gurudumu Moja Lilipozunguka Bure

Ndugu msomaji, pengine wewe huna motokari. Lakini kama unaishi upande wetu wa Masisi na Walikale, chumvi yako, dawa yako na barua ya mtoto wako zinapita juu ya magurudumu ya mtu fulani. Kwa hiyo nakuomba uvumilie habari hii ya vyuma. Mwisho wake utaona kwamba ni habari ya nyumba pia.

Mwaka 2010 nilikuwa shofere wa motokari yangu mwenyewe, Land Cruiser ya kabina moja, ya mazutu, yenye umri kuliko mtoto wangu wa kwanza. Nilipeleka chumvi, sabuni na mchele toka Masisi mpaka Kibua, siku ingine mpaka Walikale. Kurudi nilibeba mafuta ya mawese, ndizi na watu, na kasiterite ikiwa na bei, nilibeba magunia ya wafanya biashara. Wanaoijua njia ile wanajua pale malisho ya ng'ombe yanapoisha na pori linapoanza. Pale mvua haiulizi mwezi gani.

Siku moja ya mwezi wa 8 tulitoka Kibua asubuhi kuelekea Masisi. Nyuma kulikuwa mama mmoja wa utungu, na wamama wawili wakimshika. Kwenye mupando wa kwanza, gurudumu la nyuma la kushoto liliingia ndani ya matope. Nikatia gia ya nguvu. La kushoto likazunguka kama feni, likaturushia matope mpaka usoni. La kuume lilikuwa juu ya jiwe kavu, tena zuri, lakini halikutikisika hata kidogo. Mbele vilevile: moja linazunguka, lingine linatazama. Tulichimba, tukatia mawe na matawi. Saa tatu zilipita. Mwisho vijana walitengeneza kipoyi, wakambeba yule mama kwa miguu.

Mama alipona. Mtoto hakupona. Sisemi motokari yangu ndiyo ilimuua, maana mimi si muganga. Lakini ile jiwe kavu haikutoka katika kichwa changu. Gurudumu zima, mahali pazuri, nguvu ya mashini iko, na bado halikufanya kitu.

Niliporudi nilienda kwa muzee mmoja mekanisyen aliyenifundisha kazi. Nikamuuliza: "Muzee, nguvu iko. Juu ya nini haikufika kwa ile gurudumu muzuri?"

Alichukua mti akachora chini. "Mwanangu, ukikata kona, gurudumu la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani. Kama yamefungwa pamoja, moja litaburuzwa. Kwa hiyo ndani ya ponti kuko diferansiele, meno madogo yanayoruhusu kila moja liende mwendo wake. Ni kitu kizuri. Lakini iko na sheria yake: inagawa nguvu sawasawa. Kama la kushoto liko kwenye matope na linaweza kupokea kidogo tu, la kuume nalo linapewa kidogo vilevile."

Nilielewa. Fundi mmoja wa saa wa Ufaransa, jina lake Pecqueur, ndiye aliyeandikisha kitu hiki kwa ajili ya magari katika miaka ya 1820, mbele ya motokari za mazutu. Alifikiri kona. Hakufikiri mupando wa Kibua.

Nikasema: "Basi nataka ponti yenye nguvu kuliko zote." Muzee akacheka. "Hakuna yenye nguvu kuliko zote. Kuko ile inayofaa kazi yako." Akanihesabia.

Ya kwanza ni diferansiele yenye masahani ndani, ambayo yanashikana kidogo gurudumu moja likianza kuteleza. Haina kifungo cha kukumbuka. Lakini masahani yanaisha, inataka mafuta yake yenyewe, na gurudumu moja likiwa hewani kabisa, inasaidia kidogo tu. Ya pili ni ile inayojifunga yenyewe kila nguvu inapoingia na kujifungua kwenye kona. Ni ngumu sana, lakini kwenye njia yenye utelezi mukia wa motokari unaweza kukimbia pembeni bila kukuaga. Ya tatu ni blokaje ya kifungo, ya hewa ao ya umeme. Ukibonyeza, magurudumu mawili yanakuwa kitu kimoja. Ukiachia, yanarudi kama zamani. Hiyo ndiyo nzuri kwa motokari inayobeba watu kila siku, lakini bei yake ni kubwa, na waya wake ao bomba lake la hewa linataka mutu wa kulichunga.

Roho yangu ilishika ya tatu. Mfanya biashara mmoja alikubali kunikopesha, nimulipe kwa kubeba magunia yake miezi sita. Nikaleta habari nyumbani kwa furaha.

Mama watoto hakufurahi. "Papa ya batoto, na minervali? Masomo inaanza mwezi wa 9."

"Magunia italipa."

"Na kama magunia ikikosa?"

Nilikasirika. Nikamwambia hajui mambo ya vyuma. Kweli hakujua, lakini alijua mambo ya deni. Mwezi ule ule wa 9, Rais wa wakati ule, Joseph Kabila, alisimamisha uchimbaji wote wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Magunia yakakosa kwa siku moja. Mkopo ulikuwa bado haujaingia mkononi mwangu, na nilimshukuru mke wangu kimoyomoyo. Kwa kinywa nilikawia.

Sasa sikia ujinga wangu. Kijana mmoja fundi aliniambia: "Papa, tupige sudire meno ya diferansiele. Yatafungwa kabisa. Ni kazi ya siku moja." Bei ilikuwa kama ya gunia la maharagi. Muzee alinikataza. Nilifanya kwa siri.

Wiki mbili za kwanza nilijiona mfalme. Matope yaliyonisimamisha niliyapita nikiimba. Lakini kwenye njia ngumu motokari ilianza kukataa kona, inasukuma mbele kama mbuzi anayevutwa sokoni. Pine za nyuma zililika upesi. Kila kona niliyosikia mlio chini yangu, nilijifanya sikusikia. Siku moja katika mushuko wenye utelezi, na watu kumi na moja juu ya mizigo, nilikata usukani na motokari ikaenda moja kwa moja mpaka mufereji. Kijana mmoja alivunjika mkono. Chuma kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu la kuume kilikuwa kimekatika kama muwa. Na meno yaliyopigwa sudire hayarudi kuwa meno. Ile niliyoita bei ndogo ilinigharimu matunzo ya yule kijana, kazi ya miezi na haya mbele ya muzee wangu.

Nilimwambia mama watoto yote, hata ile ya siri. Alinyamaza muda. Kiisha akasema: "Sasa tutafute pamoja."

Kazi ya madini ilifunguliwa tena mwezi wa 3 mwaka 2011. Hatukukopa. Alikuwa ameuza mawese kidogo kidogo, na mimi nilikuwa nimefanya kazi kwa motokari za wengine. Minervali ilitoka kwanza. Ile iliyobaki tulienda nayo Goma kutafuta ponti nzima ya nyuma, ya okazyo, yenye blokaje ya kifungo iliyotoka nayo kiwandani.

Muuzaji wa kwanza alikuwa na ponti safi ya kung'aa. Muzee, aliyekubali kunisindikiza, alizungusha magurudumu yote mawili pamoja duru moja na kuhesabu duru za mahali karda inapofungwa. Zilikuwa nne na nusu na zaidi. Akasema: "Hii si yako." Katika ponti yangu, taji lina meno 37 na pinyo lina meno 9, maana yake duru 4,11. Ile ilikuwa 41 kwa 9, yaani 4,56. Ungetia hii nyuma na kuacha ile ya mbele, magurudumu yangevutana kila ukishika nguvu ya mbele, mpaka kitu kivunjike. Nilikuwa karibu kulipa. Ya pili haikung'aa, ilikuwa na kutu, lakini ilizunguka nne na kidogo, na meno yake hayakuwa na kidonda. Tulichukua ile.

Kwa wenzangu mashofere naacha maneno haya. Funga blokaje mbele ya kuingia matopeni, gurudumu likiwa limetulia. Usifunge wakati linazunguka kwa kasi. Ukitoka, fungua mara moja, usikate nayo kona ya njia ngumu. Angalia kile kibomba kidogo cha kupumua juu ya ponti: ponti yenye moto ikiingia katika maji inapoa na kuvuta, na kibomba kikiwa kimeziba ao kiko chini, inavuta maji ya muto. Ukiona mafuta yake yamekuwa meupe kama maziwa, usiseme nitaona kesho. Rudisha kibomba juu kwa mpira mrefu. Bei yake si kitu. Na pine nzuri na mizigo ya haki vitakuvusha mahali pengi bila blokaje yoyote.

Njia ile imefungwa na kufunguliwa mara nyingi tangu wakati ule, na vita imepita juu yake kuliko malori. Lakini nakumbuka safari moja ya mwisho wa 2011. Nilifika kwenye mupando ule ule, mvua inanyesha, na mama mwenye mimba akiwa kando yangu ndani ya kabina. Nilisimama chini, nikabonyeza kifungo, nikangoja taa iwake. Gurudumu la kushoto liliingia matopeni. La kuume, juu ya jiwe, likasukuma.

Tulipanda polepole. Juu nilizima kifungo. Yule mama aliniuliza kwa nini nimesimama, nikamwambia ni mashini inapumua. Siyo kweli. Ni mimi niliyekuwa napumua.