Kijiji Kimoja na Mto Mmoja

Januari 2022 mwanangu aliniletea mwanawe wa kiume, kijana wa miaka 15, pamoja na begi moja la nguo na maneno mafupi: "Baba, huyu nimeshindwa. Mnyooshe." Kijana alikuwa ameanguka mtihani wa Kidato cha Pili na ilimpasa arudie mwaka. Sababu, nilielezwa, ni michezo ya kompyuta na ya simu, hasa ile ambayo mchezaji hushika nafasi ya mhusika fulani, akasafiri, akapigana, akaongeza nguvu na mali kidogo kidogo hadi mwisho wa hadithi. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi, na kunyoosha watoto ilikuwa ndiyo sifa yangu. Sikuionea haya sifa hiyo. Leo naionea haya kiasi, na nitafika huko.

Jioni ile ile nilimpa sharti. Katika nyumba hii, nilimwambia, utacheza mchezo mmoja tu: ule uliotengeneza mwenyewe. Nilidhani nimefunga mlango na ufunguo nimeutupa kisimani. Kumbe kijana alinitazama kama mtu aliyepewa ruhusa ambayo hakuitarajia, akaniuliza, "Kweli, babu?" Nami, kwa kuwa mwalimu mkuu hali matapishi yake, nikajibu: kweli.

Baada ya wiki mbili alikuja na kompyuta mpakato kuukuu ya mjomba wake, ambayo betri yake ilikuwa imekufa, na ndani yake programu iitwayo RPG Maker MV. Hiyo ilitolewa mwaka 2015, lakini ukoo wake ni wa zamani zaidi: wa kwanza katika ukoo huo ulitolewa Japani mwaka 1992 na kampuni ya ASCII, ili mtu wa kawaida asiyejua kuandika lugha za kompyuta aweze kujitengenezea mchezo wa namna hii nyumbani. Yako mengine pia. Ipo Godot, iliyoanzia Argentina, ambayo tangu mwaka 2014 ni ya bure kwa kila mtu, ila hiyo humdai anayeanza elimu zaidi. Sisi tulitaka ngazi fupi.

Nilikaa karibu naye ili nimlinde asicheze. Ndivyo nilivyojiambia.

Msomaji asiyejua mambo haya, kama nisivyoyajua mimi wakati ule, adhani kuna uchawi. Hakuna. Ardhi yote ya mchezo ni vigae vya mraba, kila kimoja kikiwa na nukta 48 kwa 48, unavipanga kama fundi wa sakafu: hiki majani, hiki maji, hiki ukuta. Kila kigae kina amri yake, kwamba mtu aweza kukanyaga au hawezi. Juu ya ardhi hiyo unaweka matukio. Mzee anayesimama mlangoni ni tukio. Mlango wenyewe ni tukio. Sanduku la fedha ni tukio. Kila tukio unaliandikia litafanya nini likiguswa. Kisha ziko swichi, ambazo ni kumbukumbu za ndiyo na hapana: je, mchezaji amekwisha kuongea na mzee? Na viko vibweta vya kutunzia namba: ana vitambaa vingapi, ameuliza mara ngapi. Basi. Kwa vitu hivi vinne mtu aweza kujenga kijiji chenye fitina zote za kijiji.

Hadithi tuliichagua pamoja, au tuseme niliichagua mimi naye akaikubali kwa heshima. Nilikuwa nikifundisha historia, nikasema tufanye safari ya msafara wa karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Mchezaji awe kijana mpagazi mwenye mzigo wa kilo 30 begani, apite Mpwapwa, avuke nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, alipe hongo Ugogo, apumzike Tabora, hata alione Ziwa Tanganyika. Mjukuu wangu aliposikia neno hongo aliacha kuandika. "Babu, tunawafundisha watu kutoa rushwa?" Ikabidi nimweleze kwamba zamani hongo ilikuwa ushuru halali wa kupita katika nchi ya mtemi, unalipwa kwa doti za merikani, kwa shanga au kwa nyaya za shaba, na kwamba neno ndilo lililoharibika tabia baadaye. Alilipenda sana jambo hilo. Katika miaka yangu yote darasani sikumbuki mwanafunzi aliyeniuliza swali la pili juu ya hongo. Huyu aliniuliza kumi, maana alihitaji kujua mtemi atataka doti ngapi na mchezaji akikataa itakuwaje.

Lakini miezi mitatu ilipita tukiwa bado Bagamoyo. Tulikuwa tumejenga nyumba 19, ambazo ndani yake hamna kitu. Mjukuu alitaka kila mlango ufunguke. Mimi nilitaka kila mtu aseme jambo la maana. Hesabu yangu ilionyesha kwamba kwa mwendo ule tungefika Ujiji mimi nikiwa na miaka 90. Kijana akaanza kukata tamaa, na usiku mmoja nilimkuta anacheza mchezo wa watu wengine kwenye simu, kajifunika shuka.

Hapo nilimkumbuka mkufunzi wetu pale chuo cha ualimu. Tulipokuwa tukijiandaa kwa mazoezi ya kufundisha, kila mmoja aliandika andalio la somo refu kama mkeka. Yeye aliyapokea, akachukua kalamu nyekundu, akakata yote isipokuwa kipengele kimoja, akasema kipindi ni dakika 40, mtoto atatoka na kitu kimoja, chagua kipi. Tulimchukia. Asubuhi nikamwambia mjukuu wangu tukate. Tukaiacha Ujiji, tukaiacha Tabora, tukaiacha hata Bagamoyo na nyumba zake 19. Tulibakiza kijiji kimoja na mto mmoja, ule Ruvu ambao misafara iliuita Kingani, uliovukwa kwa mitumbwi mwanzoni kabisa mwa safari, na wenye mamba na viboko. Mchezo ukawa ni kuvuka tu. Nadhani wengi wanaoanza kazi hii huangukia hapo tulipoangukia: wanataka kutengeneza dunia ilhali hawajawahi kutengeneza mlango.

Makosa tuliyofanya yangejaza kitabu. Sanduku letu la kwanza lilitoa doti tano kila lilipofunguliwa, tena na tena, kwa sababu hatukuweka swichi ya kuliambia kwamba limekwisha kufunguliwa. Mjukuu alijitajirisha kwa mchana mmoja hata akamhonga mtemi mara 40. Siku nyingine mzee wa kijiji alianza kuzungumza mchezaji alipoingia, akamaliza, akaanza upya, na hakuna kitufe kilichomnyamazisha. Tulikuwa tumemwamuru aanze mwenyewe bila kumwekea cha kumsimamisha. (Niliwahi kufanya kazi na mkaguzi wa namna hiyo.) Na umeme ulikatika mara mbili tukiwa hatujahifadhi kazi, na kwa kuwa betri ilikuwa maiti, kila kitu kilikwenda na giza.

Kosa nililolitatua mimi ni la mamba. Mamba wetu alikuwa hauawi. Mjukuu alimpiga panga hadi akachoka, na kila pigo lilionyesha sifuri. Alitaka kufuta yote. Nikamwambia anionyeshe kanuni, na kumbe kanuni imo wazi: madhara ya pigo ni nguvu ya anayepiga mara nne, toa kinga ya anayepigwa mara mbili. Nikaomba karatasi. Nguvu ya kijana wetu ilikuwa 16, mara nne ni 64. Kinga ya mamba tuliiweka 40, mara mbili ni 80. Ukitoa unapata hasi 16, na programu haikubali pigo la hasi, inaandika sifuri. Maana yake yeyote ambaye kinga yake ni maradufu ya nguvu yako hutamdhuru milele. Tulishusha kinga hadi 20. Kila pigo likawa 24, likizidi au kupungua kidogo kwa bahati. Na mamba mwenye uhai 120 akafa kwa mapigo kama matano. Mjukuu wangu, aliyeanguka hesabu, alikaa na ile karatasi jioni nzima akitafuta namba za kiboko. Sikusema neno. Kusema neno kungeliharibu.

Sasa nije kwenye aibu. Mwaka 1984, wakati daftari lilikuwa haba kuliko sukari, mvulana wa Darasa la Sita alikamatwa chini ya mwembe saa za kazi ya shamba, akiwachezesha wenzake mchezo alioutunga mwenyewe ndani ya daftari la shule. Kila ukurasa ulikuwa mahali: kijiji, msitu, mto. Dadu aliichonga kwa kipande cha ndala. Nililifungua daftari lile ofisini, na sitasema uongo, nilisoma kurasa tatu kabla sijakumbuka hasira yangu. Kwenye ukurasa wa mto aliandika sharti: ukitupa moja, mto umekushinda, lakini hufi, aliye nyuma yako lazima akufuate na kubeba mzigo wako pamoja na wake mpaka ng'ambo. Nilimchapa viboko vinne mbele ya paredi, nikalichoma daftari. Hakulia. Aliniomba kitu kimoja: "Mwalimu, naomba dadu yangu." Nikaitupa motoni nayo. Harufu ya ule mpira ilikaa uwanjani hadi kengele ya kutoka.

Lilipofika suala la nini kimpate mchezaji anayeshindwa na mto wetu, mjukuu alitaka afe aanze upya, kama ilivyo katika michezo mingi. Nikamwambia ninajua sharti jingine. Alilisikiliza, akasema ni bora kuliko yetu yote, akauliza nimelitoa wapi. Nilimweleza. Alikaa kimya muda, kisha akaandika matukio yake bila kunitazama.

Mchezo ulikamilika Juni 2023. Unachukua dakika 25 kuucheza. Wenzake waliucheza, wakalalamika kwamba mtemi ni mkali mno na kwamba ni mfupi. Mtihani alikuwa amekwisha kuupita mwishoni mwa mwaka 2022. Kama ni kwa sababu ya mamba au ni kwa kurudia tu, sijui, na baba yake ana maoni yake.

Yule mvulana wa mwaka 1984 sasa ni mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, mfanyabiashara wa nafaka, na namba yake nilipewa na mwalimu mwenzangu. Mchezo umo ndani ya flashi, kwenye droo ya meza yangu. Nimeandika ujumbe mara mbili nikaufuta, kwa sababu sijui nianze kwa kumwita nani. Mjukuu wangu hanielewi hata kidogo. Anasema, "Babu, mpigie tu. Muulize ukurasa uliofuata baada ya mto ulikuwa na nini."