Nyansurura na Maji ya Jirani

Msafiri atokaye Musoma kwenda Sirari huuvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi. Akiufuata mto huo kwa juu, upande wa mashariki, huingia katika nchi ya wakulima na wafugaji, ambako mto umezitenga wilaya za Tarime na Serengeti. Pande hizo ndiko iliko Nyansurura.

Wakaao miji mikubwa huiita nchi hii pembezoni. Sisi tulipofika tuliona vingine: si pembezoni, bali ni ndani ya bonde moja linaloshirikiwa na mataifa mawili.

Mto Mara huchimbuka katika milima ya Mau, Kenya, hupita Masai Mara na Serengeti, kisha humwagika Ziwa Viktoria baada ya mwendo ukaribiao kilomita 400. Kama theluthi mbili za bonde lake ziko Kenya, na theluthi moja Tanzania. Msitu wa Mau ukikatwa, mvua huchukua udongo, na kiangazi maji hupungua. Atakayeona kiu ni ng'ombe wa Serengeti. Basi hapana kijiji kiwezacho kuilinda riziki hii peke yake.

Serikali zimelifahamu jambo hili. Tangu mwaka 2012 Siku ya Mara huadhimishwa tarehe 15 Septemba, na mwaka 2015 Kenya na Tanzania zilitia saini mapatano ya kulisimamia bonde hili pamoja. Ni kheri kubwa. Lakini mapatano yakaayo kabatini hayanyweshi ng'ombe. Yapasa yashuke vijijini, jumuiya za watumia maji za pande zote mbili zikutane na kuelewana. Wakurya wa Tarime na wa Kenya ni ndugu wa lugha moja. Mpaka waliuchora wageni.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa maji na malisho ni haki ya watu kushirikiana, na haki ya jirani haikomi penye mpaka.

Enyi vijana, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Ziacheni mita hizo, mpande miti. Aliye chini yenu ana haki katika maji hayo, hata kama hamumjui jina wala taifa lake.

Wabillahi tawfiq.