Somo Yangu

Tulikuwa na jina moja, kwa hiyo hatukulitumia. Nilimwita somo, naye akaniita somo. Ngamiani yetu ya Tanga ilikuwa ya barabara zenye namba. Sisi tulikaa Barabara ya 9, mlango wa tatu kutoka kwao. Tangu afe, mwaka 1986, ni mtu mmoja tu aliyewahi kuniita hivyo tena.

Macho yake yalikuwa ya manjano, kama maziwa yaliyoingia bizari. Shuleni alitembea na chupa ya maji na kila mara aliomba ruhusa ya kwenda haja, hadi mwalimu akachoka naye. Mpira hakucheza. Alikuwa refa wetu, anapuliza vidole viwili mdomoni, na hakuna aliyembishia, maana alijua sheria kuliko sisi sote.

Maumivu yalipomshika, mama yake alimkanda kwa kitambaa cha maji moto, kisha akamchua magoti kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Majirani walisema ni baridi yabisi. Shangazi zake walisema mama mtu ndiye aliyeleta mkosi, kwa kuwa watoto wawili waliomtangulia hawakufika miaka mitano. Hayo yalisemwa barazani, naye yumo ndani anasikia.

Juni ile shule zilikuwa zimefungwa na kusi inavuma. Tulikwenda Raskazone kwa baiskeli ya baba. Alikuwa amekatazwa kuoga baharini, nami nilijua. Niliingia majini, nikamwita: "Somo, njoo, maji matamu!" Akavua shati, akalikunja taratibu kama anayelitia kabatini, akaliweka juu ya jiwe. Tulikaa majini hadi vidole vikanywea. Nilimrudisha kwenye keria, anatetemeka, meno yanagongana nyuma ya mgongo wangu.

Usiku nilisikia kilio chake. Kesho yake hospitali ilisema damu imemwishia, ndugu waje wachangie. Enzi hizo damu ilitafutwa kwa ndugu wa mgonjwa, na UKIMWI ulikuwa umeshaingia. Watu waliamini sindano ya kutoa damu ndiyo itakayowaambukiza. Wajomba waliaga mmoja mmoja. Nikanyoosha mkono wangu. Muuguzi akaniambia mimi mtoto, nirudi nyumbani. Nilikuwa na miaka 12, sawa na somo. Alikufa alfajiri ya siku ya tatu.

Habari ya bahari sikumwambia mtu.

Miaka mingi baadaye mpwa wangu alijifungua, na mtoto alipofika miezi minane viganja na nyayo zikamvimba. Safari hii alipimwa. Daktari akasema ni selimundu, sikoseli kama wengi wanavyoiita. Nilimkumbuka mgema wa kwetu na mundu wake kiunoni: ndivyo chembe nyekundu za damu zinavyopinda, zinanasa kwenye mishipa midogo, damu haipiti, na hapo ndipo mtu analia usiku. Mtoto anayo kwa sababu amerithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba chake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Laiti shangazi wale wangelisikia hilo. Daktari akaandika penisilini hadi atimize miaka mitano, akataja haidroksiyurea, akasisitiza maji mengi. Kisha akasema mtoto asiachwe apigwe na baridi, wala asioge maji ya baridi. Nikatoka nje.

Kinachoniuma ni kwamba elimu ilikuwapo. James Herrick aliuandika ugonjwa huu Chicago mwaka 1910. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba anayerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kinasaba hiki kimejaa kwenye nchi za mbu kama kwetu. Miaka 32 ilipita na habari hiyo haikufika Barabara ya 9. Leo Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka, na Muhimbili kuna kliniki yao maalumu.

Mwaka jana nilikwenda kwa mama yake. Amezeeka, anaona kwa shida. Nikampa shikamoo, nikakaa mkekani, nikamweleza yote: Raskazone, shati juu ya jiwe, maji matamu. Nikamweleza na ya mtoto wa mpwa wangu.

Alinyamaza kidogo. "Aliniambia usiku ule ule," akasema. "Alisema, mama, usimgombeze somo, nimeingia mwenyewe."

Akaupapasa mkono wangu hadi akaupata.

"Na huyo mjukuu wako, somo, maji anakunywa ya kutosha?"